Njugu za Kutambaa na Mikono ya Mama Yako

Asya mwanangu,

Kukuandikia salamu na hali tumo nyumba moja ni kichekesho, maana nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi. Lakini barua isiyo na salamu bibi yako hawezi kuiita barua, basi nakusalimu kwa heri na afya njema, nami sijambo, ila moyo ndio haujatulia.

Ya sweta, ya dawa ya mbu, ya kutokula ovyo njiani, bibi yako ameshayamaliza, na kesho asubuhi atayarudia yote kuanzia mwanzo. Mimi simo humo. Nataka kukwambia jambo ambalo nilipaswa kukwambia tangu ulipoanza kuelewa maneno, na nalianza kutoka Forodhani kwa sababu huko ndiko lilikonipata.

Unakumbuka wiki iliyopita ulitaka juisi ya muwa. Gilasi ikakuponyoka, ikapasuka juu ya sakafu, na yule muuzaji akasema, "Hamna neno, dada, shika nyengine hii." Mimi sijafungua hata mdomo, wewe ukacheka ukasema, "Nshajua, baba. Mikono ya mama yangu hii." Halafu ukaendelea, unakunywa huku unazungumza, kama mtu anayesema la kawaida kabisa: "Ndiyo maana nikifika huko chuo kikuu ntaomba wanibadilishe somo. Mambo ya kuzalisha mbegu yanataka watu wenye mikono. Mie waniweke biashara ya kilimo, nihesabu magunia."

Nikacheka na wewe. Tangu siku ile kicheko kile kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Msemo ule si wako, Asya. Ni wangu. Nimeusema ulipomwaga uji, ulipokata uzi wa bibi yako, ulipovunja birika lile la maua mekundu. "Mikono ya mama yako hiyo." Niliusema kwa mzaha, nikidhani mzaha haumwingii mtoto. Ukaacha kupaka wenzako hina, na ulikuwa unajua. Ukaacha kushona. Wakija wageni unaficha mikono chini ya mtandio, na mimi nakuona, nakaa kimya. Sasa unataka kuacha na somo ulilolipenda tangu uko darasa la sita, ulipokuwa unapanda kunde kwenye makopo ya maziwa na kunilazimisha nije nizitazame kila nikirudi kazini. Ukiliacha kwa sababu hulitaki, sina neno. Ukiliacha kwa sababu ya uongo wangu, nitakufa na deni lako.

Basi nisikilize. Sikukwambia kamwe kwa nini tuliachana mama yako na mimi. Ulichosikia mitaani ni kwamba mama yako aliniharibia kazi yangu kwa uzembe. Waliosema hivyo walisikia kwangu.

Mimi na Rukia, mama yako, tulisoma kilimo pamoja, tukaajiriwa pamoja kwenye shamba la majaribio. Tulipewa njugu, karanga kama wanavyoziita bara, tuzifanyie kazi. Wakati ule hapa Unguja nilikuwa najua njugu za aina mbili. Kuna za bibi yako, alizokuja nazo kutoka kwao Makunduchi, njugu za kutambaa. Shina lake la kati halichanui hata siku moja. Maua yanakaa kwenye matawi ya pembeni tu, na hata huko yanapeana zamu: vifundo viwili vinatoa vitawi, viwili vinatoa maua, tena vitawi, tena maua. Zinachelewa kukomaa mpaka mtu anachoka kungoja, lakini zina tabia moja njema. Zikishakomaa zinalala. Mvua ikija kabla hujavuna, hazichipui ovyo ardhini.

Na kuna za kusimama, tulizoletewa kazini. Hizo zinachanua mapema, mpaka kwenye shina la kati lenyewe, kifundo baada ya kifundo, hazijui zamu. Zinakomaa upesi, lakini hazijui kulala. Mvua ya siku mbili tu, unang'oa unakuta zimeshaota miguu.

Nikapata wazo, na lilikuwa wazo zuri, hilo silijutii. Tuzichanganye. Tupate njugu inayowahi kama hizi na kulala kama zile. Mkulima wa kusini angetushukuru.

Ua la njugu ni dogo, la manjano, na linajitosheleza. Dume na jike vimo ndani ya ua moja, na kabla hata halijafunguka vizuri asubuhi limeshamaliza shughuli zake lenyewe. Ukitaka kuliozesha, maana kazini tulikuwa tunaita hivyo, kuozesha, lazima jioni ulifungue likiwa bado tumba, uchomoe vile vifuko vya unga wa kiume vyote usikiache hata kimoja, ulifunge tena. Alfajiri mwenzako anakuja na unga wa ua la aina nyengine, analipaka. Kazi ya jioni ndiyo ngumu. Ukibonyeza sana ua linakufa, ukibakisha kifuko kimoja kazi yote ni bure.

Mama yako alifanya kazi ya jioni. Mimi ya alfajiri, nikitoka msikitini. Tulichagua njugu za bibi yako ziwe mama, za kusimama ziwe baba. Nilikuwa nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa namtazama, wewe umefungwa mgongoni kwake na kanga, umelala. Alilishika ua kama mtu anayemtoa mtoto mwiba kidoleni. Sikuwahi kuona mikono mitulivu vile, na nimeshaona watu wengi wenye vyeti kuliko yeye.

Mbegu tulizozipata tukazipanda masika. Zikaota vizuri, zikatanda. Nikaanza kwenda kila asubuhi kuchungulia mashina ya kati, natafuta ua. Hakuna. Wiki zikapita, matawi ya pembeni yamejaa maua na shina la kati ni majani matupu. Zote zilikuwa njugu za bibi yako, kwa macho yangu.

Darasani tulishafundishwa kwamba kizazi cha kwanza huweza kubeba kitu cha mzazi mmoja kisikionyeshe, na wajukuu ndio wakakitoa. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilishajiwekea kichwani kwamba kuchanua kwenye shina ndiko kwenye nguvu, ndiko kutakakojionyesha kwanza. Aina mpya, aina ya kitaalamu, itafichwaje na njugu za kikongwe wa Makunduchi? Mwanangu, kiburi changu kilikuwa cha kijinga hivyo tu, wala hakikuwa na makubwa ndani yake. Nikaamua kwamba uozeshaji umeshindwa, kwamba maua yalijizalisha yenyewe kwa sababu jioni hayakusafishwa vizuri.

Mama yako alisema, "Lakini hebu tazama, Khamis, hii mimea mikubwa kuliko ya mamako. Ingekuwa ni zile zile, huu ukubwa umetoka wapi?"

Nikamwambia ni mbolea.

Siku ya kuvuna mkuu wetu wa kazi akaja na wageni. Akapita katikati ya mistari, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Bwana Khamis, mbona mimi hapa naona njugu za mama tu? Huyo baba yuko wapi?" Watu wakacheka. Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Kazi ya jioni haikwenda sawa, mzee. Mke wangu ndiye aliyekuwa akisafisha maua."

Rukia alikuwa amesimama pale pale na kapu mkononi. Alinitazama, kisha akatazama chini.

Nikaona niifunike aibu kwa ukarimu. Nikasema njugu zote zichemshwe, wageni wale. Mama yako akanivuta pembeni ya banda. "Niachie hata konzi moja," akasema. "Tuzipande vuli tuone watoto wake. Ukiona hakuna kitu, unseme vyovyote utakavyo." Nikamwambia sina ardhi ya kupandia uzembe wake. Akazichemsha yeye mwenyewe, akatia chumvi, akaandaa. Nilikula na mimi, tena nilikula sana.

Tuliporudi nyumbani akasema, "Umenvunja mbele ya watu. Kesho uende ukaseme hujui kilichotokea. Si useme ni wewe, sema hujui tu." Nikamwambia siwezi kusema nisilolijua. Akasema, "Haya. Kama mie ni mzembe, niache basi." Nikamwacha. Neno moja, talaka moja, kwa ajili ya njugu. Bibi yako aliposikia alikaa chini barazani, akasema, "Weye mwana, una wazimu?" Hakusema na mimi mpaka Ijumaa iliyofuata.

Rukia akaenda kukaa eda kwa mama yake, Mwanakwerekwe, wewe ukiwa naye. Unajua sheria yetu. Talaka moja haifungi mlango. Mwanamke akiwa bado edani, mume anaweza kumrejea kwa neno tu, bila posa wala mahari mapya. Mlango upo wazi mpaka eda iishe. Ikiisha, mmekuwa wageni.

Kwenye lile shamba tulilovuna njugu nilikuwa nimepanda muhogo. Njugu za kutambaa hazivunwi zikaisha. Daima vikonyo vinakatika, maganda mengine yanabaki udongoni. Nimekwambia zinalala. Mvua za vuli zilipoanza, zikaamka. Kati ya mihogo ikaanza kuchomoza miche ya njugu, mmoja huku, mmoja kule. Mingi ilitambaa. Lakini asubuhi moja, ukingoni karibu na mtaro, nikakuta mche umesimama wima. Na kwenye shina la kati, chini kabisa, karibu na majani ya kwanza, kuna ua la manjano.

Nilipiga magoti pale kwenye tope. Njugu ya kusimama haikuwahi kupandwa kwenye kipande kile. Na njugu za bibi yako zingejizalisha zenyewe tangu enzi za Adamu zisingetoa mche ule. Ulikuwa mjukuu. Baba alikuwemo kwenye kile kizazi cha kwanza muda wote, amefichika tu. Mama yako aliyasafisha maua vizuri. Tulifanikiwa, na mafanikio yetu tukayachemsha na chumvi.

Eda ilikuwa bado haijaisha.

Nakuandikia hili nikijua kwamba ningeweza kuishia hapo, nikasema nilikosea kwa kutojua, na ungenisamehe kirahisi. Lakini kosa langu linaanzia hapa. Nilijua, na mlango upo wazi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama nyuma kama kuna mtu. Kisha nikalikwanyua lile ua. Kesho yake yakatoka mawili, nikayakwanyua. Ua la njugu likifika adhuhuri limeshanyauka, kwa hivyo hatari ilikuwa asubuhi tu, kabla wenzangu hawajafika. Nikawa natoka msikitini naenda moja kwa moja shambani kuufanya mche ule uonekane hauchanui kwenye shina. Nilivyokuwa mwangalifu! Sikubakisha hata moja. Ile kazi niliyomsingizia mama yako kwamba aliiharibu, mimi niliifanya kwa ufundi wote, ili uongo wangu usionekane.

Siku moja nilikwenda. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, nikapanda gari mpaka sokoni Mwanakwerekwe. Kutoka pale mpaka kwa bibi yako mzaa mama ni mwendo mfupi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kabla yake neno jengine moja, kwamba nilikosea. Hilo la kurejea nililiweza. Ni lile la kwanza lililonishinda. Nikajiambia nitamrejea bila kulisema, halafu nikajua nikimwona usoni nitalazimika. Pale njiani palikuwa na mama anauza njugu za kuchemsha. Nikanunua. Nikasimama nikazila zote, nikatupa maganda, nikarudi nyumbani Kiembe Samaki. Bibi yako aliniona na kanzu, akauliza, "Umekwenda?" Nikasema nimekuta hawapo.

Haya, eda ikaisha. Nilijua siku mjomba wako alipokuja na gari ndogo kuchukua kabati na cherehani ya Rukia. Nilimsaidia kupakia. Mchana ule nikaenda nikaung'oa mche, na ile mingine yote iliyotambaa. Usiniulize mbegu. Hakuna. Nimejaribu kuzichanganya tena baadaye, mara mbili, na watu wengine kwenye kazi ya jioni, na sikupata kitu. Nasikia siku hizi wanasoma vinasaba kwenye kipande cha jani wakajua kilichojificha kabla mche haujachanua. Ningekuwa na mtambo huo wakati ule, labda. Lakini ule mche ulinionyesha bila mtambo wowote na bado sikusema.

Mama yako akaolewa Tanga, na mtu mwema, nasema hivyo bila kinyongo. Wewe ukaletwa kwetu ulipofika umri wa kuanza chuo cha Kurani, kwa kuwa bibi yako huyu alimwomba sana mama yako. Rukia alikubali huku analia, nilimwona. Angeweza kukusimulia yote haya kwa upande wake kila ulipokwenda kwake Sikukuu. Najua hakukusimulia, maana usingekuwa unaniita baba kwa sauti hiyo unayoniita.

Ungedhani aibu inachakaa kama nguo. Yangu haikuchakaa, ila nilipata mahali pa kuiweka, nikaiweka kwenye mikono yako. Kila nilipokwambia ni mikono ya mama yako nilikuwa narudia ushahidi wangu wa uongo, nakufundisha na wewe uushuhudie. Na siku ile Forodhani uliusema wewe mwenyewe kabla yangu, kwa sauti yangu. Naumia, Asya. Naumia mpaka chakula hakipiti, na bibi yako anadhani ni safari yako.

Sina mawaidha mengi. Huko utakakokwenda watakufundisha haya ya kizazi cha kwanza mapema sana, nami sikutaka ukae darasani siku hiyo, ukiwa umezungukwa na watu usiowajua, ukaanza kupiga hesabu za nyumbani kwenu. Ukiona kitu hakionyeshi ulichokitarajia, usiharakishe kukitia chunguni. Na ukishakosea, lile neno liseme siku ile ile, likiwa bado dogo. Mimi niliacha likakua, na sasa nalibeba hivi, kwa kurasa.

Kuhusu somo, sikuamulii. Gilasi zinaponyoka mikononi mwa kila mtu. Bibi yako kavunja nyingi kuliko wewe, ila yeye husingizia paka. Lakini kabla hujaomba kubadilishwa, jaribu mara moja tu. Nenda kwenye shamba lao jioni, uombe kibano na tumba la njugu. Lishike taratibu.

Kesho mama yako atakuwa anakungojea bandarini Dar es Salaam. Sikutumi kumwomba radhi kwa niaba yangu, huo ungekuwa woga mwengine. Nimekusudia kumpigia simu boti ikishang'oa nanga, nimwambie yote kabla hujafika. Lakini najijua, Asya. Nilishawahi kufika Mwanakwerekwe nikarudi. Basi ukishuka mtazame usoni. Ukiona ameshajua, ujue baba yako mara hii alifika. Ukiona hajui, mpe barua hii aisome mwenyewe, hapo hapo, hata kama watu wanapita.

Atakunyang'anya begi, maana hawezi kukuona umebeba kitu. Mpe. Na akishalishika, tazama vidole vyake, halafu utazame vyako. Mikono ya mama yako hiyo, mwanangu. Sikuwahi kukwambia kwamba ndiyo mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona.

Mimi niliyechelewa kukwambia,
baba yako, Khamis